Sanduku Lililonikonyeza Got Ragogo

Kwa umri wangu, mtu akinikonyeza lazima nimkumbuke. Hawajabaki wengi. Ndiyo maana lile sanduku la kijivu lililofungwa chini ya tanki la maji la Got Ragogo nilikuwa nalijua vizuri kabla mtu yeyote hajanieleza kazi yake. Lina taa ndogo nyekundu. Kila nikipita na mbuzi wangu linanikonyeza mara mbili tatu, linapumzika, linanikonyeza tena. Nami namjibu, "Niko, bwana, niko," halafu naendelea na safari yangu.

Tanki lenyewe lilikuwa kavu. Ukiligonga kwa jiwe linakujibu kama ngoma. Maji yake hutoka ziwani, upande wa Migori. Pampu ya kwanza inayavuta ufukweni, yanasafishwa, yanafika sokoni, na hapo sokoni kuna pampu ya pili ambayo kazi yake ni moja tu, kuyapandisha mlima hadi kwetu, upande wa Homa Bay. Mpaka wa kaunti unakata shamba langu la mihogo. Nikikohoa Homa Bay, kuku wa Migori wanashtuka. Sasa ile pampu ya sokoni ilikuwa imelala tangu mvua ndefu, na sisi tukarudi kwenye kijito cha bondeni, ambako ng'ombe hunywa kwanza na binadamu hufuata.

Mimi ningevumilia. Nimekunywa maji ya ng'ombe tangu utoto na bado nina meno ya kutosha kuchekea watu. Lakini mjukuu wangu Dorine alikuwa na mimba yake ya kwanza, tumbo limemfika mdomoni, na Sista wa zahanati yetu hapo mlimani alikuwa amefunga chumba cha kujifungulia.

"Bila maji kwenye bomba sizalishi mtu," alituambia. "Nitampokea mtoto kwa mikono ya matope?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema huku anajifutia mikono kwenye aproni, na mikono yenyewe haikuwa na kitu. Basi kila mwenye uchungu alibebwa kwa boda boda kupitia ile barabara ya mawe hadi hospitali ya mbali. Mke wa jirani yangu hakufika. Alijifungulia kwenye mahindi ya mtu asiyemjua, dereva wa boda boda amegeuka nyuma anaimba wimbo wa kanisa ili asisikie. Mtoto akaitwa Oyoo, maana kwetu anayezaliwa njiani jina lake halina mjadala. Ni jina zuri. Lakini ndani ya boma langu sikulitaka.

Kwa hiyo nilichukua jerikeni nikateremka sokoni, ofisi ya mradi.

Meneja pale ni Boaz. Baba yake na marehemu mume wangu walitoka nyumba moja, kwa hiyo mimi namwita wuoda, mwanangu, hata siku ambazo ningependa kumwita jina lingine. Naye, kama wote hapa, huniita Dani, yaani bibi. Alinikaribisha, akanigeuzia kompyuta yake.

"Dani, angalia mwenyewe. Tanki la Got Ragogo, asilimia themanini. Yaani mmeshiba kabisa."

"Nani amesema?"

"Kompyuta imesema."

"Ilipanda mlima lini?"

"Haipandi, Dani. Inaletewa habari."

"Na nani? Mimi ndiye nakaa huko, na sijaituma."

Msichana wa meza ya mapokezi alificha kicheko nyuma ya mkono wake. Boaz hakucheka. Tangu apate funguo za ofisi, kucheka aliacha nyumbani. Nikaweka jerikeni langu chini ya kioo cha kompyuta, nikafungua kifuniko.

"Basi nijazie hapa hapa. Usijaze sana, mgongo unaniuma."

"Dani, usilete mchezo ofisini. Alhamisi wakubwa wanakuja kupokea mradi. Ukitazama hapa kila kitu ni kijani. Kijani maana yake kuna maji."

"Chura pia ni kijani, wuoda. Sijamwona akibeba ndoo."

"Ndiyo maana mlitolewa kwenye kamati!" alisema, sasa sauti imepanda. "Kelele tu. Kila mkutano kelele. Kazi haiwezi kuendelea hivyo."

Ni kweli. Mwaka uliopita kiti cha Got Ragogo kwenye kamati kilikuwa changu, wakakiondoa. Si mimi tu, kiti chenyewe. Nilipoingia kikao kilichofuata walikuwa wamepanga viti vilivyobaki vikaribiane, ungefikiri hapajawahi kuwa na nafasi.

Nilisimama. Jerikeni sikulichukua.

"Umesahau mtungi wako," Boaz akaniambia.

"Sijasahau. Likijaa nipigie simu."

Nilikuwa nimefika kwa washona viatu niliposikia mtu ananiita. Alikuwa Liz, fundi wa mitambo, msichana wa Oyugis mwenye mkoba wa vyuma uliompindisha bega. Akanisogelea kama mtu anayeuza kitu cha wizi.

"Dani, nikipanda kwako kesho nitapata chai?"

"Kesho ni siku ya uji. Chai utakunywa kwa Boaz."

Akaja.

Siku ya uji sisi wanawake wa mlima hukaa kwenye baraza ya zahanati, kwa duara, na katikati yetu kuna agwata moja, kibuyu cha kunywea. Taratibu zetu si ngumu. Aliyeshika agwata anakunywa, anasema habari za kwake, nani mgonjwa, nani ana mbegu za ziada, mwanamume gani amerudi na hana la kueleza. Wengine wote wanasikiliza. Akimaliza anampa anayefuata. Kama huna la kusema, unakunywa na kupitisha. Na kama mtu ameshika kibuyu mpaka uji unaota ngozi, kama anavyofanya jirani yangu Bonareri kila wiki, tunamkoholea.

Bonareri ni wa Kisii, aliolewa hapa kabla barabara haijafika. Anauza omena, dagaa wa ziwani. Kinywa chake kingewekwa kwenye bomba, tusingehitaji pampu.

Liz alikaa kati yetu akatazama kibuyu kikizunguka mara moja, ya pili, akaanza kucheka peke yake.

"Unacheka nini, nyathina, mtoto wangu?" nikamuuliza.

"Nacheka kwa sababu nilikuja kuwaeleza jambo, na nimekuta mnalifanya." Akaonyesha lile sanduku la kijivu. "Mnaona hilo? Liko hapa, lingine ziwani, lingine kwenye kisafishio cha maji, lingine kwenye pampu ya sokoni. Kompyuta ya Boaz ni la tano. Yote yamefungwa kwenye waya mmoja uliozikwa pamoja na bomba. Yakiongea kwa pamoja hakuna atakayesikia. Kwa hiyo kuna kitu kinachozunguka, kinaitwa tokeni."

"Ya stima?" Bonareri alishika kifua. "Mimi yangu iliisha jana."

"Hapana, mama. Hii hainunuliwi. Ni ruhusa ya kusema. Sanduku lililo nayo linataja habari zake: maji yangu yamefika hapa, pampu yangu inazunguka. Yote yanasikia kwa wakati mmoja. Likimaliza linaipitisha kwa lenye namba inayofuata. Lisipokuwa na neno, linapitisha tu. Hivyo hivyo mpaka duara linarudi mwanzo. Kabla hujapepesa jicho wameshazunguka mara nyingi."

"Kwa sababu Bonareri hayumo," nikasema.

"Na mwenyekiti wao ni nani?" Bonareri aliuliza, kama hakunisikia.

"Hakuna mwenyekiti."

Wanawake wakasogea karibu.

"Hata Boaz?" nikauliza.

"Kompyuta ya Boaz ni mmoja wao tu. Ikipata zamu inaongea, isipopata inangoja."

Hilo nililipenda mpaka nikamwomba alirudie, kwa wale waliokuwa wamekaa mbali.

"Na akirukwa je?" akauliza mmoja.

"Sanduku likirukwa linangoja kidogo. Likiona zamu haiji, linapiga kelele. Kelele ndefu kuliko neno lolote linaloweza kusemwa, inavunja mazungumzo yote, hata ile tokeni yenyewe inapotea. Wote wananyamaza. Halafu mwenye namba kubwa anaanza kuita upya, mmoja baada ya mwingine, na safari hii yule aliyerukwa anahesabiwa."

Tulitazamana. Kwenye duara letu pia, mtu akirukwa na agwata haombi wala haandiki. Anapiga sigalagala, vile vigelegele vyetu, mfululizo, mpaka kila mtu anyamaze. Kibuyu kinarudishwa kwa aliye mkubwa kwa umri, yaani mimi, na tunaanza tena. Hatujui nani alianzisha. Pengine ni mtu aliyerukwa.

"Sasa huyu wetu," nikasema, "mbona hapigi kelele?"

Liz akanitazama kwa namna ambayo haikunipendeza.

"Anapiga, Dani. Hiyo taa nyekundu ndiyo kelele yake. Anaita, hapati jibu, anapumzika, anaita tena. Tangu mvua ndefu."

Niligeuka nikamtazama. Pale pale akanikonyeza.

"Mimi nilidhani ananitaka," nikasema.

Wanawake wakaanguka kwa kicheko, na mimi nikacheka nao, kisha nikamgeukia tena. Miezi yote ile nampita na mbuzi wangu, namjibu niko, niko, na yeye hakuwa anauliza kama niko. Alikuwa anauliza kwa nini yeye hayuko.

"Mbona wenzake hawamsikii?" nikauliza.

Liz akautazama uji kwenye kibuyu. "Waya umechomolewa. Kule sokoni, kwenye nyumba ya pampu. Nilitumwa na Boaz nikauchomoa. Wakati wa mvua sanduku hili lilikuwa linazimika na kuamka, linazimika na kuamka. Kila likiamka linataka kuingia kwenye duara, na ili liingie lazima livunje mazungumzo kidogo. Kwa Boaz taa ya onyo inawaka, wakubwa wa Migori wanapiga simu wanauliza kuna nini. Akachoka. Akaniambia, chomoa hilo lenye kelele. Pampu ya sokoni haisikii tena kama nyinyi hamna maji, kwa hiyo haijiwashi. Na ile themanini ya kwenye kompyuta ndilo neno la mwisho lililosikika kutoka hapa. Halijafutwa."

"Ninayo kama hiyo nyumbani," nikasema. "Picha ya harusi. Mzee bado anatabasamu pale ukutani, na majani ya kaburi lake tumeshakata mara nyingi."

"Na kwa nini lilikuwa linazimika?" Sista akauliza kutoka dirishani. Kumbe alikuwa anasikiliza.

Liz akainuka akaenda kwenye kile kioo cha sola kilichoinamishwa ndani ya ua wa waya. Akapitisha kidole juu yake. Akanusa kidole. Akakitazama.

"Samaki?" akasema.

Sote tulimgeukia Bonareri. Bonareri alikuwa ametazama mawinguni kama mtu anayesubiri ndege itue.

"Ni kioo kizuri," akasema hatimaye. "Kina joto. Kuku hawafiki. Omena inayopanda huku ikiwa na unyevu, mtu aipeleke wapi?"

Basi kumbe mvua yote ile, kila jua lilipochungulia, Bonareri naye alipanda na ungo wake akamfunika yule maskini gubigubi kwa omena. Betri inalegea, sanduku linalala. Omena ikikauka anaiondoa, sanduku linaamka na kupiga kelele. Tulicheka, halafu kicheko kikakatika chenyewe, maana Dorine alikuwa amekaa pale mlangoni ameshika tumbo na hakuwa anacheka.

"Tunyamaze," Bonareri akanong'ona. "Wakijua, watasema tumejitakia."

"Liz," nikasema, "huwezi kuurudisha waya ulivyoutoa?"

"Ufunguo wa nyumba ya pampu anao Boaz. Na kazi yangu pia anayo Boaz." Akainua macho. "Alhamisi wakishapokea mradi, Dani, kilichoko kwenye skrini ndicho kitakuwa kweli. Got Ragogo itakuwa imepata maji. Hakuna atakayerudi kuuliza."

Bonareri alikwenda akakiosha kile kioo kwa leso yake mwenyewe, na maji ya kijito yaliyokuwa ya chakula cha jioni. Hakuna aliyemtuma.

Alhamisi tuliteremka mapema. Uwanja wa nyumba ya pampu ulikuwa na hema, viti vya plastiki, maua ya kukata na televisheni kubwa iliyounganishwa na kompyuta ya Boaz, masanduku yote yamepangwa pale na namba zake, kijani kitupu. Sisi na themanini yetu tulikuwa juu kabisa, tunang'aa. Mgeni mkubwa alikuwa mhandisi Pauline Nyamhanga, mama wa makamo kutoka Kehancha, aliyevaa viatu vya kazi chini ya gauni la sherehe. Nilivitazama vile viatu nikaona afadhali.

Boaz ndiye aliyeshika kipaza sauti. Akampa mzee wa ufukweni, akasema habari za ufukweni. Kikaenda kwa mtu wa kisafishio, naye akasema. Kikaenda kwa mwenyekiti wa soko, akashukuru mpaka tukapiga miayo. Mimi nikaweka leso yangu sawa, maana zamu iliyobaki ilikuwa yetu. Boaz akakipokea kutoka kwa mwenyekiti wa soko.

"Got Ragogo wametuma salamu," akasema. "Sasa namwita mchungaji."

Salamu! Nami nimekaa pale namwona.

Nikaanza mimi. Bonareri akadaka, halafu mlima mzima. Sigalagala ya mwanamke mmoja ni furaha ya harusi. Ya mlima mzima ni kitu kingine. Boaz akasema kitu kwenye kipaza sauti, hakikusikika. Akaongeza sauti ya spika, zikalia kama paka aliyekanyagwa, sisi tukapokezana pumzi ili sauti isikatike. Mchungaji akasimama akainua mikono, tukanyamaza, maana sisi hatugombani na Mungu. Alipogundua hilo akaomba kwa muda mrefu sana. Aliombea ziwa, samaki, serikali, madereva, na watoto wa shule kwa madarasa yao. Lakini kila sala ina amina. Amina ilipotoka mdomoni mwake, tukaendelea tulipokuwa tumeachia.

Mhandisi Pauline alisimama, akamnyang'anya Boaz kipaza sauti na kukizima. Akatungoja. Kimya kikaingia uwanjani, cha watu wote, hata wauza soda.

"Aliye mkubwa kati yenu ni nani?"

Vidole vyote vikanigeukia. Siku nyingine ningekasirika.

"Aanze huyu," akasema. "Halafu wengine wote warudie, kutoka mwanzo. Nina siku nzima."

Boaz akanisogezea kipaza sauti, nikakataa. Nilikuwa nimeshika kitu changu mwenyewe. Nilikuwa nimekuja na agwata.

"Mama mhandisi," nikasema, "hapo kwenye televisheni sisi tuna maji asilimia themanini. Wiki hii niliacha jerikeni langu chini ya kompyuta ya ofisi ili lijae. Naomba liletwe."

Likaletwa na msichana wa mapokezi, akitembea kama aliyebeba yai. Nikalipindua mbele ya wageni. Yakaanguka maganda ya karanga. Watu wa ofisi walikuwa wamelifanya pipa la taka.

"Ndiyo maji yetu hayo," nikasema. "Kule mlimani mwanamke akishikwa na uchungu anabebwa kwa pikipiki. Mmoja amezaa mahindini. Mjukuu wangu ni yule pale, mtazameni. Sanduku letu si bovu. Limechomolewa waya, mle ndani, nyuma ya mlango ule."

"Madam, hajasema yote!" Boaz alikuwa ameshasimama, jasho linamtoka. "Ni wao wenyewe walioharibu! Wanaanika omena juu ya sola. Nilipanda nikaona kwa macho yangu!"

Uwanja ukaguna. Nilimwona Bonareri anafumba macho.

"Uliona omena?" nikamuuliza.

"Niliona."

"Juu ya kioo?"

"Juu ya kioo, imetandazwa!"

"Ukamwambia nani aiondoe?"

Boaz akaigeukia televisheni.

"Hukumwambia mtu. Ulikuta omena juu ya kioo, wuoda, na badala ya kuondoa omena ukatuondoa sisi."

"Na omena ni yangu," Bonareri akasimama, leso imemwanguka, hakuiokota. "Mimi mwenyewe! Sikujua kile kioo ndicho chakula cha sanduku, hakuna aliyenieleza. Lakini huyu alijua. Alisimama pale, akatazama, akasema ni omena nzuri, akateremka na gorogoro moja, kopo zima. Boaz, haikuwa nzuri? Sema kama haikuwa nzuri!"

Hapo hata mchungaji alicheka. Mzee wa ufukweni alilia machozi kabisa.

Mhandisi Pauline hakucheka. Alimwita Liz mbele.

"Waya ukirudishwa sasa hivi, nini kitatokea?"

"Litapiga kelele, madam. Wote watanyamaza kidogo, wataanza kuitana upya, wataendelea."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kupepesa jicho."

"Madam," Boaz akasema kwa sauti ya chini, "mbele ya wageni? Skrini yote itavurugika."

"Ivurugike. Fungua mlango."

Boaz akajipapasa mfuko wa kulia, wa kushoto, akasema ufunguo atakuwa ameuacha nyumbani. Sisi wa mlima tukaanza kusafisha koo. Tulikohoa tu, mmoja mmoja, kwa adabu. Ufunguo ukapatikana kwenye mfuko wa shati.

Liz aliingia. Uwanja mzima ukageukia televisheni. Nikaona namba zote zikitoweka, ufukwe, kisafishio, soko, vyote vikawa mistari mitupu, na kweli kwa muda wa jicho hapakuwa na mkubwa wala mdogo. Halafu zikarudi moja moja. Na kule juu, palipokuwa na themanini, pakatokea duara jekundu.

Sifuri.

Darasa la nne nilipata sifuri ya hesabu nikalia mpaka nyumbani. Hii niliipigia vigelegele peke yangu. Na kabla sijamaliza, nyuma ya ukuta ile pampu ikaguna, ikajikaza, ikaanza kuzunguka. Hakuna aliyeigusa. Ilikuwa imeambiwa tu kwamba kuna mtu hana maji.

Mhandisi Pauline hakupokea mradi siku ile. Alisema atarudi akishakunywa maji ya Got Ragogo kwenye bilauri, na kwamba kiti chetu cha kamati kirudishwe palipokuwa. Nikamwambia siku hiyo tutaleta chetu kutoka nyumbani, tusije tukaambiwa viti vimekwisha. Bonareri naye, kwa kuwa alikuwa bado amesimama, akamuuliza sasa omena aianike wapi. Mhandisi akatazama huku na huku, akasema anaona paa la ofisi ya Boaz lina jua zuri.

Boaz alinisindikiza mpaka kwenye lango. Alikuwa mdogo tena, kama enzi zile akija kwangu kuomba miwa.

"Dani, mawingu yakirudi, lile sanduku litaanza tena."

"Litaanza."

"Litatusumbua."

"Mtanyamaza kidogo, mtaitana upya, mtaendelea. Sisi tumekaa na Bonareri miaka yote hiyo, tumekufa?"

Tulipanda mlima kwa miguu, tukakaa kuzunguka tanki. Nikaweka sikio kwenye bomba. Mwanzoni palikuwa kimya, kisha kwa mbali nikasikia kikohozi, kama cha mzee anayepanda na kupumzika njiani. Kikasogea. Sista alikuwa amesimama mlangoni kwake na mkono juu ya bomba la nje, amelifungua tayari. Likatema upepo, likatema kutu, likatema mjusi, halafu yakatoka maji, mekundu, mpaka yakachoka kuwa mekundu.

Sista akanawa mikono polepole, kila kidole. Akamtazama Dorine kuanzia tumboni kwenda juu.

"Wewe sasa njoo saa yoyote unayotaka."

"Sina haraka," Dorine akasema, na kwa mara ya kwanza tangu mvua ndefu nikaona pengo la meno yake.

"Anza kutafuta jina," nikamwambia. "Oyoo limeshachukuliwa."

Agwata ilizunguka siku ile ikiwa na maji matupu, na Bonareri akaishika mpaka yakapata joto. Hatukumkoholea.

Jioni nilirudisha mbuzi, nikapita chini ya tanki. Kwa mazoea nikasema, "Niko, bwana, niko." Taa nyekundu ilikuwa imezimika. Palikuwa na nyingine ya kijani inayometameta haraka haraka, kama mtu aliye katikati ya maongezi na watu wake, na hakunitazama hata kidogo.